Jina na Kiumbe: Lugha ya Kila Siku na Historia ya Ziwa Letu

Utangulizi

Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anawaleta wanyama mbele ya Adamu ili aone atawaitaje, na jina alilolitamka mtu ndilo likawa jina la kiumbe (Mwa 2:19-20). Wahubiri wengi hulipita fungu hili upesi ili wafike kwenye habari za ubavu na ndoa. Lakini hapa Maandiko yanatufundisha jambo zito, kwamba kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu juu ya viumbe wenzake ni kazi ya lugha. Kabla hajamchinja mnyama yeyote, kabla hajamfuga, anatakiwa amtazame na kumwita.

Makala hii yakusudia kuichunguza kazi hiyo kwa njia ya historia, si kwa njia ya ufafanuzi wa Maandiko peke yake. Sisi tunaoandika kutoka Pasiansi, kando ya Ziwa Victoria, tunaona kwamba mambo makubwa yaliyoyapata maji, samaki na wanyama wa nchi hii katika miaka mia moja na sitini iliyopita yaliambatana daima na maneno. Hatusemi kwamba neno humwua samaki. Samaki huuawa kwa wavu, kwa samaki mwenziwe, na kwa maji machafu. Tunalosema ni hili: lugha ya kila siku ndiyo inayoamua ni kiumbe yupi atakayeonekana, na ni kifo cha nani kitakachohesabiwa kuwa hasara. Kwa kuwa mchungaji ni mtu wa maneno, jambo hili lamhusu moja kwa moja.

Majina ya ziwa

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa hili kutoka kilimani karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Ziwa halikuwa limekaa likingoja jina. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa chake kikubwa. Watu wengi wa kusini na magharibi yake waliliita Nyanza, yaani maji makuu, bila kuongeza lolote. Waluo waliliita Nam Lolwe, na Waganda wakaliita Nalubaale, jina linalohusiana na mizimu waliyoiheshimu.

Tukiyaweka majina haya sambamba, tunaona kwamba kila moja ni namna ya kutazama. Aliyesema Ukerewe alikuwa akifikiri safari na soko. Aliyesema Nyanza alikuwa akifikiri maji yenyewe. Aliyesema Nalubaale alikuwa akiogopa na kuabudu. Aliyesema Victoria alikuwa akifikiri ramani, na hasa swali lililowasumbua Wazungu wa wakati ule, yaani chanzo cha Mto Naili. Jina la mwisho ndilo lililoandikwa, nalo limebaki mpaka leo katika nchi zote tatu zilizozunguka ziwa. Hatuna haja ya kulilaumu jina lenyewe. Lakini yafaa mwanafunzi wa historia atambue kwamba ziwa lilipoingia katika vitabu vya dunia, liliingia kama jibu la swali la watu wengine.

Kiswahili nacho kilileta neno lake. Kwa Kiswahili, ziwa la maji na ziwa la mama anyonyeshaye ni neno moja kwa sikio, na wingi wake, maziwa, ni chakula cha mtoto. Hatudai kwamba maneno hayo yana asili moja. Twasema tu kwamba msemaji wa Kiswahili hawezi kulitaja ziwa pasipo kulisikia, hata kwa mbali, kama kitu kinachonyonyesha. Kwa watu wanaokula kutoka majini kila siku, huo si usikivu wa bure.

Furu: jina moja kwa viumbe mamia

Wavuvi wa Mwanza wana majina mengi yenye macho ndani yake. Domodomo ameitwa kwa umbo la kinywa chake. Sato na ngege walitofautishwa, ingawa kwa mgeni wanafanana sana. Ningu alijulikana kwa kupanda mitoni wakati wa mvua. Kamongo, gogogo na mumi, kila mmoja alikuwa na jina lake, mahali pake na namna yake ya kuliwa. Lakini kulikuwa na samaki wengine wadogo, wenye miiba na mifupa mingi, waliokuwa wamejaa kila mahali, nao wote waliitwa kwa neno moja: furu.

Chini ya neno hilo moja kulikuwa na aina za samaki zinazokadiriwa kuzidi 500, karibu zote zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Wataalamu wa miamba na tope wametuonyesha kwamba ziwa hili lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa historia ya viumbe ni mfupi mno, furu walitawanyika wakawa wa namna nyingi. Wako waliokula mwani, wako waliovunja konokono kwa meno ya kooni, wako waliokula wadudu, wengine uduvi, wengine samaki wenzao, na hata wako walioishi kwa kukwangua magamba ya wengine. Majike yao huyaatamia mayai kinywani mpaka watoto waweze kuogelea. Madume yana rangi za kung'aa, nyekundu, buluu na njano, na kwa rangi hizo majike huwatambua walio wa aina yao.

Upelelezi wa sakafu ya ziwa uliofanywa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliokamatwa na nyavu za kukokotwa. Lakini soko halikuwathamini. Katika maandishi ya wataalamu wa uvuvi wa wakati huo waliitwa kwa Kiingereza neno ambalo kwa lugha yetu ni samaki wa takataka. Neno hilo lilisafiri likaingia katika mipango. Kama walio wengi ziwani ni takataka, basi ni busara kuwasaga, au kumleta samaki mkubwa awageuze kuwa nyama yenye bei. Mambo yote mawili yalifanyika. Katika miaka ya 1970 furu wa Ghuba ya Mwanza walikokotwa kwa meli na kusagwa hapa Nyegezi kuwa unga wa kulishia mifugo. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alikuwa ameletwa kutoka maziwa Albert na Turkana, akamwagwa katika ziwa hili.

Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza pamoja na Watanzania wenzao. Walikuja kuwapambanua furu mmoja mmoja, na katika ghuba hii peke yake wakatambua aina zaidi ya mia moja. Nyingi hazikuwa na jina la kitaalamu, ikawabidi kuzipa majina ya muda ili waweze kuzungumza juu yake. Kabla kazi hiyo haijakamilika, sangara walizidi kwa ghafla katika miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka hiyo furu walikuwa karibu kutoweka kabisa katika maji ya wazi ya ghuba. Yakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea au zilifikia ukingo wa kupotea. Baadaye aina chache zilirudi kwa wingi, lakini si zote, na wala si kwa sura ileile. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha pia kwamba maji yalipochafuka kwa rutuba na udongo utokao nchi kavu, mwanga ulipungua, majike yakashindwa kuzipambanua rangi za madume, na aina zikaanza kuchanganyikana.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa jina. Aina ya kiumbe ambayo haina jina haiwezi kuliliwa. Mvuvi alisema, "Furu wamepungua," na baada ya miaka kadhaa akasema, "Furu wamerudi," na kwa lugha yake alisema kweli, kwa kuwa neno lilikuwa bado lina samaki ndani yake. Neno halikuwa na nafasi ya kuonyesha kwamba jamaa nzima za viumbe zilikuwa zimetoka duniani. Maandiko yasema samaki waliumbwa kwa jinsi zao (Mwa 1:21), lakini lugha ya soko haikuzijua jinsi, ilijua sahani.

Wala tusimlaumu mvuvi peke yake. Yeye hupa majina mengi palipo na haja ya majina mengi. Neno "dagaa" nalo ni hivyohivyo: dagaa wa pwani, dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni samaki wa jamaa mbalimbali kabisa, lakini wote ni wadogo, huanikwa juani na huliwa wazima. Jina hilo ni la jikoni, na jikoni halina kosa. Kosa huanza pale serikali, kiwanda na shule vinapopanga mambo ya ziwa zima kwa kutumia majina ya jikoni peke yake.

Minofu, mapanki na mabondo

Sangara alipata jina lililokuwa likijulikana tayari katika Ziwa Tanganyika kwa samaki wa jamii yake. Lakini viwanda vilipojengwa Mwanza katika miaka ya 1990 kwa ajili ya soko la nje, jina hilo moja liligawanyika. Samaki akawa minofu, mapanki na mabondo. Minofu ilipakiwa katika barafu ikaenda Ulaya. Mabondo yalikaushwa yakaenda Asia ya Mashariki. Mapanki, yaani mifupa yenye kichwa na nyama kidogo iliyobaki, yalikaangwa na kuuzwa kwa watu wa hapa.

Wanafunzi wetu wa theolojia hawana haja ya kitabu cha uchumi ili waelewe mgawanyo huo. Maneno hayo matatu yanautangaza. Katika lugha ya kiwandani hapana tena samaki mzima, na pasipo na samaki mzima ni vigumu kuuliza habari za uzima wa ziwa. Aidha, katika Kiswahili sanifu tunasema "samaki huyu", "samaki hawa", kwa upatanisho uleule tunaoutumia kwa binadamu. Sarufi yetu humheshimu samaki kama kiumbe mwenye uhai. Lakini tunasema "minofu hii" na "mapanki haya". Kadhalika mnyama ni "huyu", na nyama yake ni "hii". Kati ya "huyu" na "hii" pana kisu. Si dhambi kuvuka hapo, kwa maana Mungu aliruhusu nyama iwe chakula (Mwa 9:3). Lakini yafaa tujue tunapovuka, na tusianze kusema "hii" wakati kiumbe angali akiogelea.

Nyama, nyara na pori la akiba

Mwaka 1966 kilianzishwa hapa Pasiansi chuo cha kuwafunza askari wa wanyamapori, na vizazi vingi vya walinzi wa mbuga na mapori ya nchi yetu vimepitia hapo. Kwa hiyo jina la Pasiansi limefungamana na swali letu. Mlinzi huyo hulinda nini?

Zamani vijijini afisa wa wanyama aliitwa bwana nyama, kama wa kilimo alivyoitwa bwana shamba na wa uvuvi bwana samaki. Jina hilo lilikuwa na ukweli wa uchungu: wananchi waliona kwamba nyama ilikuwa na bwana wake, naye si wao. Sheria za uwindaji za Wadachi tangu mwaka 1896, na za Waingereza baadaye, ziliweka mipaka ambayo wawindaji wa kienyeji hawakushirikishwa kuiweka. Pori kubwa la kusini lililoitwa Selous, wenyeji waliliita Shamba la Bibi. Mtu hawezi kulipa pori jina la shamba la mtu mwingine kama analiona kuwa ni la wote.

Lugha ya serikali huru nayo ilirithi mengi. Mtu akikamatwa na pembe au ngozi hushtakiwa kwa kukutwa na nyara za serikali. Nyara ni kitu kilichotekwa vitani. Vivyo hivyo pori la akiba ni pori lililowekwa kama fedha za kesho, na maliasili ni mali kwanza, kisha ndiyo asili. Hatusemi kwamba waliochagua maneno haya walikuwa na nia mbaya. Maneno hayo yamesaidia kulinda wanyama wengi waliokuwa wakiangamizwa. Lakini tukimwita tembo nyara, tumekwisha kukubali kwamba pana vita, na kwamba swali lililobaki ni nani atakayemiliki mateka.

Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka mjini Mwanza, ni kielelezo kizuri. Kina jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi na kufanya kazi pale. Mwaka 1964 serikali ilikichukua ikakifanya bustani ya wanyama. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mawe ni yaleyale na pimbi ni walewale. Lakini bustani ilimwita mtu aje kutazama, akiba ilimwambia asiguse, na hifadhi, kwa maana yake halisi, ilimwambia kwamba kuna kinachotunzwa. Na chini ya majina hayo yote limebaki jina la mzee mmoja, likitukumbusha kwamba palikuwa na mtu.

Maneno yaliyotunza

Ingekuwa si haki kusema habari za maneno yaliyoficha tu. Wasukuma waliigawa nchi yao kwa majina ya udongo: luseni, udongo mwepesi wa mchanga, itogolo, ardhi ngumu ya chini ya mteremko, na mbuga, udongo mweusi mzito wa bondeni. Aliyeyajua maneno hayo alijua apande nini, wapi, na wakati gani. Wataalamu wa kilimo wa wakati wa ukoloni waliona manufaa ya majina hayo wakayaingiza katika ripoti zao. Leo kijana wa mjini akisikia "mbuga" hufikiri watalii na simba. Babu yake alifikiri mpunga.

Neno jingine ni ngitili, yaani eneo la malisho lililofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imekatwa miti mno, haukulazimika kubuni wazo geni. Ulilikuta neno likiwa hai midomoni mwa wazee, na desturi ikafufuliwa pamoja nalo. Miti ilirudi katika maeneo makubwa. Hapa twaona upande wa pili wa hoja yetu: neno likihifadhiwa, ujuzi huweza kusubiri ndani yake kama mbegu.

Wajibu wa kanisa

Kanisa halikuwa mtazamaji katika historia hii. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Waingereza, alianza mwaka 1844 huko Mombasa kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na sehemu ya kazi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1847. Kwa hiyo habari za uumbaji ni miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa kuchapwa katika lugha yetu. Biblia tunayoitumia zaidi, iliyotoka mwaka 1952, inatupatia katika Mwa 1:28 maneno ya kutiisha na kutawala, na katika Mwa 2:15 maneno ya kulima na kutunza. Mimbari zetu zimeyapenda ya kwanza kuliko ya pili. Tena ni mara chache tunasikia kwamba baraka ya kwanza katika Biblia nzima haikutamkwa juu ya mwanadamu, bali juu ya viumbe wa majini na ndege (Mwa 1:22).

Neno la Kiebrania lililo nyuma ya "kulima" ni lilelile linalomaanisha kutumikia. Na neno lililo nyuma ya "kutunza" ndilo analolikataa Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake (Mwa 4:9), na ndilo tunalolitamka juu ya usharika kila tunapotoa baraka ya Haruni (Hes 6:24). Mchungaji anayeinua mikono na kuomba Bwana awalinde watu wake, ametumia neno ambalo Mungu alilitumia kwa kazi ya mwanadamu bustanini.

Neno letu la "uwakili" nalo linahitaji kuponywa. Katika sharika nyingi mkristo akisikia siku ya uwakili, hutafuta bahasha. Sadaka ni sehemu ya uwakili, lakini wakili aliyebakiwa na bahasha tu amepokonywa ziwa, msitu na shamba alivyokabidhiwa. Hata neno "mazingira", tulilolipokea kutoka serikalini, lina upungufu wake: huonyesha vitu vinavyotuzunguka, na sisi katikati. Kiswahili kina maneno mengine yanayokiri zaidi. "Maumbile" na "viumbe" yametokana na kuumba, tendo la mfinyanzi. Asemaye "viumbe" amejitia mwenyewe katika hesabu, na amemkiri Muumba hata kabla ya kufungua katekisimu. Ndivyo Luther alivyolifafanua fungu la kwanza la imani mwaka 1529: Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote.

Hitimisho

Mwaka 1530, akitetea tafsiri yake ya Biblia, Luther alieleza kwamba mfasiri hana budi kumsikiliza mama nyumbani, watoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni. Wachungaji wa Kanda ya Ziwa wanalo soko hilo karibu: mialo ya samaki, minada ya ng'ombe, vituo vya askari wa mbuga. Twapendekeza kwamba mwanafunzi wa theolojia anapopelekwa usharikani kwa mazoezi ya kazi, pamoja na kuandika orodha ya wakristo, aandike pia kwa msaada wa wazee majina ya samaki, miti, ndege na udongo wa mahali pale, na kando ya kila jina aandike kama kiumbe huyo bado yupo. Orodha hiyo itamfaa katika mahubiri ya mavuno, katika mafundisho ya kipaimara, na katika sala ya kanisa, ambamo mara nyingi tunaombea mvua lakini hatuombei maji.

Adamu aliwapa viumbe majina baada ya kuletewa mmoja mmoja mbele ya macho yake. Katika ziwa letu, mamia waliletwa kwa pamoja, wakaitwa kwa jina moja, na wengi wakaondoka. Waliobaki bado wanaletwa, na mwenye kuwaleta angali anangoja kuona tutawaitaje.